Mpishi wa Dirishani

Faza,
Jumapili, 15 Septemba 2024

Kwa dada yangu Rosebella,

Nakusalimu kwa mikono miwili kutoka huku Faza. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Jabez na watoto, na kwamba lile goti halikusumbui tena kama siku ya mazishi, ulipopanda ngazi za kanisa kwa upande kama kaa. Wale kuku walipona? Na mahindi ya shamba la chini, mmeyavuna au tumbili wamewatangulia tena? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Bado napika pale shuleni. Wanafunzi bado wanasema maharagwe yangu yana mawe, nami bado nawaambia waangalie vizuri, huenda ni meno yao. Mgongo huuma asubuhi ninapoinua sufuria kubwa, kisha unasahau.

Barua hii anakuletea Bwana Patroba, karani wa hapa Faza, ambaye anakuja nyumbani Bondo kwa likizo. Mpokee vizuri. Atakwambia hataki chai, lakini ukiiweka mbele yake ataimaliza. Amebeba halua, kanga zako mbili, na kifurushi kidogo cha shemeji ambacho nitakieleza. Najua utasema, si ungepiga simu tu. Kwa simu tungelia wote wawili, na mimi ningekata kabla sijafika ninapotaka kufika.

Katika ujumbe wako uliniuliza mambo mawili. La kwanza, shemeji anataka kujua watu hubadilishana vipi vidoli kama vile vya marehemu mdogo wetu Austin kwenye mikutano yao, kwa sababu amesikia Kisumu nako kuna mkutano, na hataki kwenda kuchekwa, mwalimu mkuu mzima na kikapu cha vidoli. La pili, uliuliza kama yule kidoli asiye na kisanduku, niliyebaki naye mimi, nimeshamtupa, kwa kuwa shemeji amesoma mahali kwamba kidoli kisicho na kisanduku hakina thamani. La kwanza nitalijibu kwa furaha. La pili ndilo lililonikalisha chini kuandika, kwa sababu naona yule kidoli yuko karibu kunitoka, na sijui kama nina haki ya kumzuia.

Unamkumbuka. Ni mwanamke wa plastiki, kimo chake hakizidi kiganja, kichwa kikubwa kama boga na mwili kama kidole gumba, namna walivyo wote. Amefunga kitambaa cha buluu na ameshika upawa. Austin alimleta mwezi wa Novemba mwaka jana, akitoka kazini Lamu, amemviringisha ndani ya shati lake la kubadilisha. Akamsimamisha kwenye dirisha la jikoni, uso ukitazama jiko. Nikamuuliza ni nani huyu. Akaniambia niangalie mwenyewe. Nikaona kitambaa cha buluu kama changu cha kazini, upawa, na mashavu yaliyovimba kama ya mtu aliyetoka kupuliza moto. Nikamchapa Austin kwa mwiko, naye akacheka hadi akakaa sakafuni.

Miezi miwili baadaye homa ya mapafu ikamchukua kwa siku nne. Tangu hapo mimi huamka, hufungua dirisha, humsogeza mpishi kidogo asimwagikiwe na umande, na humwambia leo tunapika nini. Usicheke. Au cheka, najua utacheka.

Tulipogawana vitu vyake pale Bondo, vile vidoli kumi na kimoja vyenye visanduku vilikwenda kwa shemeji, kwa kuwa yeye na Austin walikuwa wakizungumza habari za vidoli kwenye simu kila Jumapili, na Austin alikuwa ameshasema viwe vyake. Mimi nikabaki na mpishi, na vile viwili vya mpiga ngoma alivyoniachia shemeji vilivyofanana na vyake, ili nivibadilishe kwa kitu ambacho hana. Kwa ajili ya hivyo viwili ndipo nilipokwenda kwenye mkutano wao mwezi wa Juni kwa mara ya kwanza.

Basi shemeji asikilize. Mkutano wa Lamu hufanyika Jumamosi ya mwisho ya mwezi, mtaa wa Langoni, chini kwa Bi Tima. Bi Tima ni mjane wa umri wako. Asubuhi huuza mahamri na mbaazi mlangoni kwake. Binti yake aliyeolewa Dubai alianza kumtumia vidoli kama mzaha, naye Bi Tima akavipanga kwenye vidaka vya ukutani, vile vishimo vya chokaa ambavyo katika nyumba za zamani za Lamu huwekwa sahani za kauri. Sahani zake ziliuzwa na babake zamani. Alisema kidaka kitupu humuumiza macho. Sasa kila kidaka kina kisanduku, na jamaa wanaopenda vitu hivyo huja kwake, kumi au kumi na watano, wakatandika mikeka.

Usiende na vyote. Hilo la kwanza. Anayekwenda na vyote huonekana ana haraka, na mwenye haraka hupewa kibaya. Viwili au vitatu vinatosha, na uvifunge kwenye kanga kavu, kwa sababu chumvi ya bahari hulegeza gundi ya kisanduku. Kisumu hakuna chumvi, lakini kuna mvua. Ukifika, tandika kilicho chako mbele yako na unyamaze. Watu watapita wakiangalia. Anayekitaka kidoli chako atakisifu kidoli cha jirani yako. Ndivyo walivyo. Kule Lamu hakuna anayetaja bei, ni kidoli kwa kidoli, na anayetoa noti huambiwa duka liko barabarani.

Kabla ya kukubali, toka nacho mlangoni ukione kwa mwanga wa jua. Angalia shingo kama inazunguka bila kulia. Angalia nyusi, kama rangi imekaa ndani ya mstari wake. Kichwa chini, usome namba iliyo kwenye nyayo, kisha usome namba ya kisanduku. Zisipolingana, mrudishie mwenyewe kwa adabu, umwambie utafikiria. Usimwambie ni cha bandia mbele za watu, hata kama kinanuka mafuta ya taa. Na ule baadaye. Mimi nilikaribishwa mahamri ya moto, nikala, kisha nikashika kisanduku cha mtu, na alama ya kidole changu ikabaki pale kwenye karatasi inayong'aa kama muhuri wa serikali.

Kosa langu kubwa lakini lilikuwa jingine. Nilikuwa nimewaosha wale wapiga ngoma wawili kwa sabuni ya unga na gunzi, ili wapendeze. Kuna msichana anaitwa Razan, anasoma chuo, mkali kama pilipili. Alimwinua mpiga ngoma wangu akamgeuza, akaniuliza, "Anti, huyu umemuosha au umemparuza kama samaki?" Wote wakacheka. Mwenye duka alilofanyia kazi Austin, fundi simu Mahir, akamwambia, "Mwache Razan. Wewe cha kwanza ulicholeta hapa kilikuwa kimetafunwa na paka, na ukatuapia ni toleo maalumu." Nikampenda Mahir hapo hapo. Mwishowe niliwatoa wawili kwa mmoja, mvulana mwenye tarumbeta, na huyo ndiye aliye ndani ya kifurushi. Shemeji asimuoshe.

Sasa kuna desturi moja ya kule ambayo sikuijua, na sijui kama Kisumu wanayo. Nitaifikia. Kwanza nikwambie habari ya Bi Tima mwenyewe.

Nilipoingia siku ile ya kwanza, kabla sijasema jina langu alinishika mabega. Akasema, "Ndoo ukae kitako, ndia ya Faza ni ndefu. Nimekujua kwa mato. Una mato ya Austin." Mimi nilikuwa na macho haya miaka kumi na mitano kabla Austin hajazaliwa, dada. Nikasema asante.

Kisha akaanza. Ya kwamba Austin chai yake lazima iwe na tangawizi isiyopondwa. Ya kwamba akifikiri huvuta sikio la kushoto. Ya kwamba mvua ikinyesha hukaa mlangoni miguu nje. Kila alilolitaja nililijua, na kila moja lilinichoma kama nimelisikia mara ya kwanza, kwa kuwa nilikuwa nimezoea kuamini nayajua peke yangu. Nilikuwa nimeyaweka kama mtu anavyoweka vifungo vya shati lililochakaa, nikavikuta pia mkononi mwa mwingine. Na alipomtaja alisema "mwanangu". Wale vijana wakaniambia Austin alikuwa akimwita Mama. Mama Tima, wakati mwingine Mama tu. Najua huku pwani, na hata kwetu, mtu mzima huitwa Mama kwa heshima. Lakini mimi, niliyemchukua akiwa na miaka tisa siku mama alipozikwa, wewe ukiwa na mtoto mchanga mgongoni, mimi niliyemfundisha kufunga kamba za viatu, mimi aliniita kwa jina langu tu, Kwinta. Kwinta, soksi ziko wapi. Kwinta, nina njaa. Kama mtu anayeita paka.

Bi Tima akaniambia jambo jingine kwa kujivuna kidogo. Kwamba kila alipompa mahamri, Austin aliacha kipande cha mwisho kwenye kisahani, kwa adabu. Kwangu, dada, hakuacha hata makombo. Alifuta sufuria kwa kidole. Nililitafuna hilo safari nzima ya kurudi Faza. Kwake alikuwa na adabu, kwangu alikuwa na njaa.

Kabla sijaondoka aliniuliza kama aliyekuwa akiishi na Austin Faza ni mama yetu. Nikamwambia mama alifariki zamani, Austin akiwa mdogo, na kwamba Faza tulikuwa mimi na yeye tu. Akaangalia kidaka kimoja kilicho mkabala na mlango, kisha akaenda kuongeza maji kwenye birika lililokuwa limejaa. Mimi nami nikakiangalia kidaka hicho. Mle ndani kulikuwa na kisanduku kitupu, kidirisha chake kinaonyesha nafasi tupu, na ubavuni kimechorwa mwanamke mwenye kitambaa cha buluu na upawa.

Ulikuwa wivu wa namna gani huo, sijui kuueleza. Nilidhani nimeelewa kila kitu. Nilidhani Austin alimnunua mpishi, akaniletea mimi kidoli kitupu, na kisanduku, ambacho shemeji anasema ndicho chenye thamani, akampelekea mwanamke mwingine akiweke mahali pa sahani za kauri. Mwezi mzima niliangalia dirishani nikaona si zawadi, ni nusu ya zawadi. Nilipika maharagwe yakaungua. Mwezi huo wanafunzi walikuwa na haki ya kulalamika.

Julai nikaenda mapema, nikapitia kwanza dukani kwa Mahir. Nikamwambia nataka anisaidie kumwomba Bi Tima kisanduku cha marehemu ndugu yangu. Akaweka bisibisi chini. Akaniuliza, kwa upole sana, kisanduku kipi. Nikamweleza. Akanivutia kiti, na ndipo aliponieleza ile desturi.

Kwao hakuna anayebadilisha kidoli siku ile ile alipokipenda. Kwanza kidoli huenda kulala ugenini. Anayekitaka hukichukua kikakae kwake mwezi mmoja, aone kama atakichoka. Lakini kisanduku hakitoki. Kisanduku hubaki kwa mwenye kidoli, na anayekichukua huandika ndani ya kifuniko mahali kidoli kitakapokaa. Mwezi ukiisha wakataka kuongeza, mwenye kidoli huandika jina la mwezi unaofuata chini yake. Wakikubaliana kubadilishana, ndipo kisanduku hutolewa, na kisanduku kikishatolewa neno limekwisha. Kwa hiyo, shemeji, ukiona kidoli uchi, usidhani hakina thamani. Kina mwenyewe, na mwenyewe anakingoja. Mahir akasema, "Yule mpishi ni wa Bi Tima, anti. Binti yake alimletea kwa mkono, si kwa posta. Austin alimwomba akalale Faza."

Nikamuuliza mbona basi Bi Tima hajamdai, miezi yote hii. Mahir akasema mtu haendi kwenye msiba kudai kidoli.

Nilipaswa kusema asante, nirudi Faza, nimlete mwezi uliofuata. Hilo ndilo ungefanya wewe. Badala yake nilikwenda mkutanoni nikakaa na mikono imefungwa. Bi Tima alikuja kunipa chai, ya tangawizi isiyopondwa bila kuniuliza, akainama sikioni mwangu akasema polepole, "Mpishi hajambo?"

Hakuuliza kama anayedai. Aliuliza kama anayeulizia mtoto aliyepelekwa shule ya bweni. Na mimi nikafikiri, amekuwa na macho yake, na sikio lake la kushoto, na adabu yake, na neno Mama. Sasa anataka na dirisha langu. Nikamwambia, nikimtazama usoni, kwamba mpishi tulimzika na Austin. Nikasema dada yangu mkubwa alimweka ndani ya jeneza, mkononi mwake, kabla ya kufunga.

Ndiyo, Rosebella. Nilikutia na wewe. Wewe uliyemvisha ile suti ya kijivu na ukamchana nywele kwa kitana cha baba. Unajua hapakuwa na kidoli. Unajua mkononi mwake hapakuwa na kitu.

Bi Tima alikaa chini kwenye mkeka wa mtu. Alilia kwa sauti ndogo, kisha akasema alhamdulillahi, hakwenda peke yake. Razan, yule mkali, akaacha kucheka, akaondoka kwenda kusimama mlangoni. Mimi nikanywa chai yote.

Nilidhani yameisha. Agosti nilikwenda kwa kuwa nisingekwenda wangeuliza. Wakati wa kuondoka Bi Tima akatoa kile kisanduku kidakani mbele ya wote, amekifunga kwenye leso safi, akaniwekea mikononi. Akasema kidoli kimekwenda na Austin, basi ni cha Austin, na kisanduku kikifuate. Akanishika vidole kwa muda, zaidi ya inavyohitajika. Akasema angependa nambari ya dada mkubwa, ampe pole kwa mdomo wake, na amuulize mwanawe alilala vipi. Nilimpa, dada. Ningesemaje? Kwa hiyo huenda kabla hujaifungua barua hii simu yako italia, na utasikia mwanamke mwenye sauti nzito kidogo anayesema ndia badala ya njia.

Kisanduku nilikiweka chini ya kitanda, bado kimefungwa. Wiki ya kwanza nilifurahi, nisikufiche. Nilijiambia sasa mpishi ni wangu kwa sheria yao wenyewe. Kisha furaha ikaanza kuwasha kama nguo mbichi. Alhamisi iliyopita, baada ya kutoka shuleni, nilikitoa. Nilitaka tu kuona mpishi anavyoingia ndani. Nikafungua kifuniko.

Ndani kuna mwandiko wa Austin, zile herufi zake zinazoegemea kama watu waliochoka. Ameandika: "Yuko Faza, dirishani kwa mama. Atarudi mama akimchoka."

Nilisoma nikiwa nimesimama, kisha nikasoma nikiwa nimekaa. Hakuna dirisha jingine Faza, dada. Hakuna mama mwingine.

Ndipo nikaelewa kwa nini Bi Tima aliniuliza habari za mama siku ya kwanza, na kwa nini aliongeza maji kwenye birika lililojaa. Miezi yote hiyo alikuwa na maneno hayo ukutani kwake, akijua kuna mwanamke Faza aliyekuwa mama wa kweli, na mimi nikaja nikamwambia mama huyo ni mimi, bila mimi mwenyewe kujua nilichosema. Huenda yeye naye alirudi ndani siku hiyo akatafuna kitu. Na kile kipande cha mahamri nimekiona sasa vingine. Mgeni ndiye anayeacha kipande kwenye kisahani. Mtu akiwa kwao hufuta sufuria kwa kidole.

Lakini kuna jingine, na hili ndilo linalonikosesha raha. Chini ya maneno ya Austin, Bi Tima ameandika miezi aliyoongeza, kwa kalamu yake, mmoja chini ya mwingine. Desemba, Januari, Februari, hadi chini. Kila mwezi wa msiba wetu alimwongezea mpishi mwezi bila kusema neno. Julai ipo. Na chini ya Julai ameandika Agosti, na chini ya Agosti ameandika Septemba. Nimehesabu mara nyingi. Julai ndio mwezi niliomwambia kwamba mpishi yuko kaburini. Mtu hamwongezei mwezi kidoli aliyezikwa.

Alijua, Rosebella. Alilia akijua, au alijua baada ya kulia, sitajua. Alinipa kisanduku akijua mpishi amesimama dirishani kwangu ananitazama nikipika.

Basi nakuomba hivi. Bi Tima akikupigia, usinifichie uongo wangu. Mwambie ulimvisha suti ya kijivu, mwambie habari ya kitana cha baba, na mwambie mikono yake ilikuwa mitupu. Mwambie Quinter ameandika na amesema alidanganya. Nami tarehe ishirini na nane, Jumamosi ya mwisho, nitapanda boti ya asubuhi na mpishi ndani ya kisanduku chake, na nitamweka kwenye kile kidaka kwa mkono wangu, wote wakiona, Razan akiwepo. Bi Tima akitaka kubaki naye, ni wake. Akinirudishia, nitamchukua kwa kupewa. Sijui ni lipi ninaloliogopa zaidi.

Wivu haujaisha. Nikikwambia umeisha nitakuwa nimeongeza uongo mwingine. Bado naumia kwamba Austin alicheka kule siku ambazo mimi nilidhani amechelewa kazini. Na wewe pia nilikuonea wivu, ulipoinua lile katoni la vidoli kumi na kimoja na shemeji akakufungulia mlango. Nilisema sawa, na haikuwa sawa. Lakini nimewaza vile alivyokuwa akizungumza na shemeji kila Jumapili, na naona mtu mmoja anaweza kuwa na milango mingi, na bado akajua ni upi anaoingia bila kubisha.

Nisalimie shemeji, umwambie akifika Kisumu asisahau kula baadaye. Nisalimie watoto wote, na mama mkwe wako, na jirani aliyetukopesha viti vya msiba. Bwana Patroba atarudi huku tarehe tano mwezi ujao. Ukiweza, mpe udongo kidogo wa pale kaburini kwenye karatasi, nimpelekee Bi Tima, kwa sababu yeye hakupata mahali pa kwenda kulia.

Jioni ukipita pale ukamfagilia Austin majani, mtajie jina langu. Mwambie ni Kwinta. Nikumbuke.

Mimi mdogo wako,
Quinter